Mbegu ya maharage nyumbani: hesabu ya mashina 50

Bustani ya meta 10 kwa 5 nyuma ya nyumba inahitaji gramu 400 tu za mbegu ya maharage. Panda mistari iliyoachana sentimeta 50, mashimo sentimeta 20, punje mbili kila shimo. Meta moja ya mraba itaingia mashimo 10, na bustani nzima mashimo 500, yaani punje 1,000. Kwa maharage ya punje kubwa kama Lyamungo 90 au Jesca, punje 100 zina uzito wa gramu 40 hivi.

Mavuno je? Wakulima wadogo wa Tanzania hupata wastani wa tani moja hivi kwa hekta. Kwa kipimo hicho bustani yetu inatoa kilo 5. Familia inayopika nusu kilo kwa mlo itakula mara kumi, basi. Anayetunza vizuri, akatia samadi na kupalilia mapema, anaweza kufika kilo 10. Hata hivyo hakuna haja ya kudanganyana: bustani ya ukubwa huu haimalizi safari za sokoni.

Tuje kwenye fedha. Tuchukulie kilo ya maharage sokoni ni shilingi 3,000 za Tanzania. Wewe weka bei ya kwako. Gramu 400 ni shilingi 1,200. Mtu akikwambia kutunza mbegu kunaokoa fedha nyingi, hiyo ndiyo fedha yenyewe, haitoshi hata nusu kilo ya mboga hiyo hiyo. Faida iko kwingine. Mbegu ikiota nusu tu, mashina 500 hayapo. Yaliyobaki yatatanuka na kufidia kiasi, lakini ukipoteza hata kilo 2 umeshapoteza shilingi 6,000, mara tano ya bei ya mbegu, pamoja na jasho la kulima na msimu usiorudi.

Sasa iangalie ile kilo 5 kwa jicho la shina moja moja. Kilo 5 kwa mashina 1,000 ni gramu 5 kila shina: punje 12 au 13, maganda matatu. Lakini ingia bustanini maganda yakianza kujaa, uhesabu. Utakuta shina lenye maganda 12, kila ganda punje nne, jumla punje 48, gramu 19 hivi. Na jirani yake ana ganda moja lililokunjamana. Ukichota mbegu kwenye gunia baada ya kupura, hao wawili wameshachanganyika na huwezi tena kuwatenganisha. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu tunachagua punje nzuri badala ya kuchagua shina zuri.

Mashina 50 ya aina hiyo yanatoa gramu 950. Ukiondoa zilizosinyaa, zenye madoa na zilizobunguliwa, hukosi gramu 800. Hiyo ni mbegu ya kupanda eneo lote mara mbili, imetoka kwenye asilimia 5 tu ya mashina yako. Mwenye eka tano hawezi kukagua kila shina. Mwenye bustani anaweza, tena kwa asubuhi moja. Funga uzi au kitambaa kwenye yale 50 kabla majani hayajakauka, kwa sababu ugonjwa unaonekana kwenye jani bichi. Shina lenye batobato, majani yaliyojikunja yakiwa na mabaka ya kijani kilichopauka, liruke hata kama limebeba sana: virusi vinavyosababisha batobato huingia ndani ya punje. Ganda lenye vidonda vyeusi vilivyobonyea ni chule, nalo pia husafiri na mbegu.

Kuchanganyika kwa aina si tatizo kubwa. Tofauti na mahindi, ua la maharage kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi. Tenganisha aina mbili kwa meta chache, inatosha.

Adui mkubwa anakuja baadaye. Kutoka mavuno ya masika hadi masika yajayo ni miezi 8 hivi, na fukusi wa maharage hukamilisha kizazi kwa wiki sita au pungufu kukiwa na joto. Tuseme kila jike analea watoto 20, nusu yao majike: jike mmoja anakuwa 10, kisha 100, kisha 1,000, kabla miezi mitano haijaisha. Wengine huanza kutaga maganda yakiwa bado shambani, kwa hiyo usiache maharage yakae sana baada ya kukauka.

Anika mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13 au chini yake. Tikisa konzi ya maharage na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, subiri dakika 10; chumvi ikiganda ukutani, bado mabichi, rudisha juani. Yakishakauka, changanya na mafuta ya kula, kijiko kimoja cha chai kwa kilo, ili mayai ya fukusi yasiangue. Kisha jaza chupa mbili za maji za nusu lita mpaka shingoni, funga kizibo, weka penye kivuli. Kila chupa inabeba gramu 400 hivi.

Siku kumi kabla ya kupanda, viringisha punje 50 kwenye kitambaa kibichi. Zikiota 40 au zaidi baada ya wiki, mbegu ni nzima. Zikiota 30, ongeza kiasi cha mbegu kwa theluthi moja. Zikiota chini ya 25, pika zilizobaki ukanunue nyingine. Na hata zikiota zote, baada ya misimu mitatu au minne nunua nusu kilo ya mbegu iliyothibitishwa, kwa sababu magonjwa hujilimbikiza kidogo kidogo, kisha anza upya kufunga nyuzi kwenye mashina 50.