Mtaro wa Lucky Summer na Elimu ya Kushauriana

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Nasi watu wa pwani shura tumeijua tangu chuoni, kwani Kurani ina sura nzima yenye jina hilo. Lakini methali haikutwambia hao wanaoshauriana wakae vipi. Wakusanyike uwanjani wamsikilize mwenyekiti? Wainamie karatasi wachore? Au waondoke wakatembee pale penye shida? Njia hizi si mamoja, wasomaji wangu, na kila moja humpa nafasi mtu wake.

Niliyaona haya Lucky Summer, mtaa wa mashariki ya Nairobi ulio jirani na Korogocho na Baba Dogo, ambako upepo ukigeuka huleta moshi wa jaa la Dandora. Nina jamaa yangu huko. Masika moja nilimkuta yeye na majirani zake wamo katika mashauri ya kuchimba mtaro, kwa sababu kila mvua iliponyesha usiku, maji yaliingia katika vyumba vya chini na watu wakakesha wakiyachota kwa makarai.

Siku ya kwanza ulifanywa mkutano. Walisema wenye nyumba, akasema fundi, akafunga mwenyekiti. Wapangaji, ambao ndio wanaolala katika vyumba hivyo, walinyamaza. Mpangaji huogopa kusema mbele ya anayempokea kodi. Wanawake walisimama nyuma. Ikakatwa shauri kwamba mtaro uende sambamba na njia, maana ndiko karibu na ndiko rahisi.

Siku ya pili fundi alileta karatasi akachora. Hapo vijana waliosoma walipata la kusema. Walihesabu futi, wakahesabu mifuko ya simiti, na hesabu ya fundi ikapungua. Lakini wale wasiozoea michoro walitikisa vichwa tu, kwa adabu.

Siku ya tatu walimwaga jivu chini kuonyesha mtaro utakapopita, na watu wote wakaufuata kwa miguu. Hapo ndipo mama mmoja muuza mboga alipofungua kinywa. "Mwenyekiti, mkipitisha hapa maji yatanirudia mimi. Mvua ikizidi yanakusanyika pale kwenye jiwe, kisha yanakuja mlangoni kwangu." Aliingia ndani akatoka na ndoo ya maji, akaimwaga. Maji yakakata mstari wa jivu, yakaenda zake mpaka mlangoni pake. Mtaro ukapindwa. Gharama iliongezeka kidogo, na hapana aliyebisha.

Sisemi kwamba mkutano ni kazi bure. Pasipo mkutano mchango usingepatikana, wala pasingekuwa na mashahidi wa ahadi. Mchoro nao una faida yake: huwezi kununua simiti kwa kukisia. Ila mkutano humpendelea mwenye ulimi na mwenye cheo, na mchoro humpendelea aliyesoma. Kujaribu pale pale penye kazi humpa nafasi yule ambaye elimu yake imo katika miguu na mikono, na aghalabu huyo ndiye shida imemkaa kooni.

Hili wamelivumbua na Wazungu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Norway, mtaalamu Kristen Nygaard alikaa pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wao wenyewe wazichunguze kompyuta zilizokuwa zikiingia katika viwanda vyao. Kisha kati ya 1981 na 1985 wataalamu wa Sweden na Denmark walishirikiana na wapiga chapa wa magazeti, watu wa kazi yetu hii, katika mradi ulioitwa UTOPIA. Maelezo ya maandishi juu ya mitambo mipya hayakuwafaa sana wale mafundi. Wataalamu wakaviunda vyombo vya uwongo kwa mbao na bokisi tupu, wakawaambia: fanyeni kazi kana kwamba hivi ndivyo vyombo vyenyewe. Mafundi waliposhika, waliweza kusema hapa panafaa na hapa hapafai.

Lakini sisi tuna mfano wa kale zaidi. Katika mwaka wa 5 wa Hijra, Madina ilipotishwa na majeshi ya makabila, Mtume (s.a.w.) aliwataka masahaba ushauri. Rai iliyofuatwa ilikuwa ya Salman al-Farisi, mgeni kutoka Uajemi aliyewahi kuwa mtumwa: kuchimba handaki. Waarabu hawakuizoea mbinu hiyo. Masimulizi ya sira yanasema kila watu kumi walipewa dhiraa arobaini za kuchimba, na Mtume mwenyewe akachimba pamoja nao. Tazameni mambo mawili hapo: aliyesikizwa hakuwa mtu wa ukoo mkubwa, na aliyeshauri hakuachwa nje ya kazi.

Hesabu hiyo ya kumi kumi imerudi Nairobi katika zama zetu. Mnamo Agosti 2017 serikali ya jiji ilitangaza vijiji vya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Kaya zaidi ya 100,000 zilihusika. Muungano wa Wanavijiji, chama kilichoundwa 1996, kiliwapanga watu kaya kumi kumi, na makundi hayo yakaunganishwa kuwa makubwa zaidi, ili neno la mwenye chumba kimoja liweze kupanda hadi kwa wataalamu wa maji, barabara, afya na ardhi. Baadaye barabara za lami na mabomba ya maji yalianza kuonekana.

Hata hivyo, mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kwa ajili ya barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Basi njia njema ya kushauriana haitoshi ikiwa mwenye nguvu anaweza kuuweka mpango kando siku anayotaka.

Na jambo hili si la Nairobi peke yake. Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani juu ya bandari mpya, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wapatao 4,600 waliamuliwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Katiba ya 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa ni moja katika misingi ya utawala. Lakini mvuvi hahitaji kuitwa ukumbini tu, asomewe karatasi, atie sahihi, anywe soda arudi kwake. Yeye anajua mkondo unakopita na samaki wanakozalia. Atiwe mashuani pamoja na mhandisi, aonyeshe kwa kidole.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukiitwa katika mashauri ya mtaa wako, iwe ni mtaro, soko au ukuta wa madrasa, usiulize tu watu wangapi walihudhuria. Uliza ni nani atakayeumia mambo yakienda kombo, na kama mtu huyo ameonyeshwa pale mahali penyewe kabla simiti haijakauka. Kisha lililoamuliwa liandikwe, na nakala iwe mikononi mwa wapangaji pia.