Nyasi za Pemba: Gunia Bei Poa, Maji Ndiyo Gharama

Ukienda kwenye kitalu cha miche pwani kutafuta nyasi za kufunika uwanja mdogo, tuseme mita 20 za mraba chini ya mwembe, utaonyeshwa ukoka na nyasi za Pemba. Ukoka una jani jembamba, unastahimili jua na kiu, lakini kivulini hukonda na kuacha vipara. Nyasi za Pemba (Stenotaphrum dimidiatum), ambazo asili yake ni mwambao huu na visiwa vya Bahari ya Hindi, zina jani pana lenye ncha butu. Kivuli na chumvi ya bahari hazizisumbui. Kinachozisumbua ni udongo mkavu.

Sasa hesabu. Nyasi zilizokatwa kama mikeka hufunika uwanja siku hiyo hiyo, ila ndizo ghali kuliko zote. Vipande vya mashina vinavyouzwa kwa gunia ni nafuu, na jirani mwenye uwanja uliojaa anaweza kukupa bure. Ukivipanda kwa nafasi ya sentimita 15, utahitaji takriban 890. Kwa sentimita 30, kama 220 tu. Nafasi kubwa inaokoa robo tatu ya vipande, lakini utang'oa magugu miezi kadhaa kabla nyasi hazijashikana.

Usilipe kabla ya kufungua gunia. Chukua shina moja: liwe bichi, lenye vifundo viwili au vitatu, na ikiwezekana ncha nyeupe za mizizi zimeshachungulia. Likiwa la kahawia na linavunjika kama kijiti, hilo ni kuni.

Gharama kubwa huja baadaye: maji ya kumwagilia. Lita 5 kwa kila mita ya mraba ni lita 100 kwa siku, yaani madumu matano ya lita 20. Kwa mwezi ni madumu 150. Zidisha kwa bei ya dumu la mkokoteni mtaani kwako, uone kama gunia bado ndilo gharama.

Kwa mfuko wa kawaida, ushauri wangu ni vipande vya gunia, nafasi ya sentimita 20, vipandwe masika yanapoanza, Machi au Aprili, mvua ikunyweshee. Anzia penye unyevu tayari: karibu na bomba au kivulini. Na kama uwanja wako wote ni jua kali na maji ni ya kununua, chukua ukoka.