Hewa Safi ni Haki Yetu, na Chujio Lisafishwe Saa za Kazi



Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza habari za mishahara, likizo na fidia. Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakitumia tangu anapoingia zamu mpaka anapotoka, wala hakiandikwi katika karatasi ya mshahara. Kitu hicho ni hewa.

Jambo lililotufanya tuandike lilitokea Nyakabanda, mjini Kigali, katika ukumbi mmoja wa kushonea nguo. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mazungumzo na mwajiri bado yanaendelea. Ukumbi uko ghorofani, na ndani yake wanafanya kazi watu 40, wengi wao akina mama na dada zetu, kwenye vyerehani na meza za pasi za mvuke. Mwajiri alifunga mtambo wa kubadilisha hewa, wa aina ile inayookoa joto. Kisha madirisha yakapigiliwa misumari ili vumbi la barabarani lisichafue vitambaa.

Mwaka wa kwanza hapakuwa na malalamiko. Mwaka wa pili, kila ifikapo saa nane mchana, vichwa viliuma na macho yakawasha, na siku moja dada mmoja wa meza ya pasi akaanguka. Msimamizi akasema mtambo ni mbovu. Wengine wakasema wafanyakazi wanajifanya wagonjwa. Tulikwenda pale pamoja na fundi. Alizima umeme, akafungua kifuniko, na mtambo ukaonekana mzima kabisa. Ila machujio yake mawili yalikuwa yamejaa nyuzi za pamba na vumbi jekundu hata yamekuwa mazito kama blanketi. Tangu siku ya kufungwa, hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuyasafisha.

MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Mtambo huu una feni mbili. Moja inavuta hewa chafu kutoka ndani, ya pili inaingiza hewa mpya kutoka nje. Hewa hizo mbili zinapishana ndani ya sanduku lenye sahani nyembamba nyingi za bati au plastiki, kila moja katika njia yake. Hazichanganyiki, lakini joto linapita katika sahani kutoka upande wa joto kwenda upande wa baridi. Nchi za baridi za Ulaya ziliupenda sana mtambo huu baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, kwa sababu kufungua dirisha wakati wa theluji ni sawa na kutupa kuni nje.

Je, Kigali tunauhitaji? Mji wetu uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku baridi hushuka mpaka nyuzi 15 au 16. Tuseme zamu ya usiku ndani ni nyuzi 24 na nje ni 15. Mtambo unaookoa robo tatu za joto utaingiza hewa ya nyuzi 22 hivi, na hapo unafaa. Lakini mchana, kama ndani ni nyuzi 30 na nje ni 27, mtambo huo huo utaturudishia joto tunalolikimbia, na hewa itaingia ikiwa na nyuzi 29. Kwa hiyo ni lazima uwe na njia ya pembeni, yenye mlango wa kuipitisha hewa bila kugusa sahani. Pale Nyakabanda mlango huo ulikuwapo, lakini hakuna aliyeonyeshwa jinsi ya kuufungua.

MAMBO YA KUANGALIA WAKATI WA KUFUNGA

Kwanza, ni kipimo cha hewa. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilipendekeza lita 10 za hewa mpya kwa kila mtu kwa sekunde moja. Kwa watu 40 ni lita 400 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 1,440 kwa saa. Fundi apime kwa chombo kwenye kila tundu, na karatasi ya vipimo ibandikwe ukutani.

Pili, mdomo wa kuvutia hewa ya nje uwe mbali na choo, jiko la mkaa na barabara ya vumbi. Uwe mbali pia na mdomo unaotoa hewa chafu.

Tatu, moshi wa mkaa usipitishwe katika mtambo huu. Jiko au pasi ya mkaa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Moshi uwe na bomba lake hadi juu ya paa.

Nne, madirisha yasipigiliwe misumari. Umeme ukikatika feni husimama, na watu hawawezi kungoja umeme urudi ndipo wavute pumzi.

UTUNZAJI

Machujio yakaguliwe kila mwezi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, vumbi letu jekundu huyajaza upesi, basi yakaguliwe kila wiki mbili. Chujio la kuosha lioshwe na likauke kabla ya kurudishwa. La karatasi libadilishwe, lisipigwe ukutani. Sahani zisafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Bomba dogo la kutolea maji lizibuliwe, maana maji yakituama huleta ukungu, na ukungu huo tunauvuta sisi. Feni ikianza kulia, beringi zikaguliwe.

Kabla ya kufungua kifuniko, umeme uzimwe na swichi itiwe kufuli, na ufunguo awe nao yule anayesafisha.

NANI ASAFISHE, NA SAA NGAPI?

Hapa ndipo penye mgogoro, ndugu zetu. Baada ya chanzo kujulikana, msimamizi alimwamuru kijana mmoja asafishe machujio baada ya zamu, bila malipo, akiwa amesimama juu ya kiti kilichowekwa juu ya meza, bila barakoa. Kijana alikataa, na wenzake wakamuunga mkono. Hawakukataa usafi. Walikataa kuumizwa ili wapate hewa ya kufanyia kazi.

Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi mahali pa kazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 148 wa mwaka 1977 nao unahusu uchafuzi wa hewa kazini. Kwa hiyo kusafisha chujio ni kazi ya kiwanda kama kutia mafuta cherehani, na kazi hulipwa.

Kamati ilipeleka madai manne: watu wawili wafundishwe, wapewe saa moja ya zamu kila mwezi yenye malipo, wapewe ngazi imara, barakoa na glavu, na daftari la usafi litundikwe mahali ambapo wote wanaona. Matatu yamekubaliwa na misumari ya madirisha imeng'olewa. Dai la saa moja yenye malipo bado linazungumzwa.

KWA WENZETU WA VIWANDA VYA CHAI

Nanyi mnaujua ukumbi wa kukaushia. Hewa inaingia kwenye kikausho ikiwa na zaidi ya nyuzi 90, na inatoka bado ina joto. Kuna faida kuliokoa joto hilo, maana linapunguza kuni. Lakini vumbi la chai huziba sahani. Mkiletewa mtambo wa namna hiyo, ulizeni siku ile ile ya kwanza: nani atausafisha, kwa ngazi gani, na saa ya nani?

Tunaomba kila kamati iende ikafungue kifuniko cha mtambo wake wiki hii, umeme ukiwa umezimwa, na itupe habari ya yale iliyoyaona.

Umoja ni nguvu.