Kazi ya balozi ugenini si karamu na mapokezi pekee

WATU wengi wakisikia neno ‘balozi’ huwaza gari lenye bendera ya taifa, suti nadhifu na karamu za jioni. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni sehemu ndogo mno ya kazi inayofanywa na maafisa wanaowakilisha nchi zao ugenini.

Waswahili husema mjumbe hauawi. Hekima hiyo, ambayo mataifa mengi yaliizingatia tangu kale, ndiyo iliyokuja kuandikwa kisheria katika Mkataba wa Vienna kuhusu uhusiano wa kidiplomasia wa mwaka wa 1961.

Kulingana na kifungu cha 3 cha mkataba huo, ubalozi una majukumu makuu matano. Kwanza ni kuiwakilisha nchi yake. Pili ni kulinda maslahi ya nchi hiyo na ya raia wake. Tatu ni kujadiliana na serikali ya nchi mwenyeji. Nne ni kuchunguza kwa njia halali jinsi mambo yalivyo na kuiarifu serikali ya nyumbani. Tano ni kukuza urafiki na kuendeleza uhusiano wa kiuchumi, kitamaduni na kisayansi.

Ni muhimu kutambua kwamba utamaduni umetajwa waziwazi miongoni mwa majukumu hayo. Haukuwekwa hapo kama pambo. Aliyepelekwa kuishi katika nchi ya watu asijue lugha yao, nyimbo zao wala historia yao, huona mengi lakini hutambua machache.

Wanaobisha hodi ubalozini

Kwa mwananchi wa kawaida, afisa anayehitajika zaidi si balozi mwenyewe bali ni yule anayeshughulikia masuala ya konsuli. Huyu ndiye anayempa hati ya dharura ya kusafiria aliyepoteza pasipoti, anayeandikisha watoto waliozaliwa ugenini, na anayesaidia jamaa kusafirisha maiti ya mpendwa wao hadi nyumbani.

Kazi hizo zinaongozwa na mkataba mwingine wa Vienna, wa mwaka wa 1963. Kifungu cha 36 kinasema kwamba mgeni anayekamatwa ana haki ya kuelezwa kuwa anaweza kuomba ubalozi wake upashwe habari. Konsuli naye ana haki ya kumtembelea korokoroni, kuzungumza naye na kumtafutia wakili.

Hata hivyo, konsuli hawezi kuamuru mfungwa aachiliwe, kwani analazimika kuheshimu sheria za nchi mwenyeji. Silaha yake ni maneno, subira na watu anaofahamiana nao. Afisa anayeelewa lugha ya polisi na mahakimu wa mji anaofanyia kazi ataweza kusoma mashtaka mwenyewe na kuuliza swali linalofaa. Asiyeielewa hubaki akimtegemea mkalimani.

Mfano wa wazi ni Chiune Sugihara, aliyekuwa naibu konsuli wa Japani mjini Kaunas, Lithuania, mwaka wa 1940. Alikuwa amesoma Kirusi kwa miaka mingi na akakimudu barabara. Wayahudi waliokuwa wakiwakimbia Wanazi walipofurika mlangoni pake wakiomba viza, aliweza kuzungumza moja kwa moja na maafisa wa Kisovieti ili wakimbizi hao waruhusiwe kupitia nchini mwao.

Sugihara alitoa viza zaidi ya 2,000 kinyume cha maagizo ya wakubwa wake. Mwaka wa 1947 aliondoka katika wizara ya mambo ya nje, na ilichukua miaka mingi kabla ya kutambuliwa kwa wema huo.

Washairi katika ofisi za serikali

Historia imejaa wanadiplomasia ambao pia walikuwa wasanii au wasomi. Mshairi Pablo Neruda wa Chile, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 1971, alianza kazi ya ukonsuli akiwa kijana huko Asia. Mwaka wa 1939, akiwa Ufaransa, alisimamia safari ya meli iliyoitwa Winnipeg, ambayo ilichukua wakimbizi zaidi ya 2,000 wa vita vya Uhispania na kuwafikisha Chile.

Robert van Gulik wa Uholanzi alihudumu China na Japani, akajifunza kupiga ala ya nyuzi ya Kichina iitwayo guqin, na akaandika riwaya za upelelezi kuhusu hakimu wa Kichina wa zamani. Alifariki mwaka wa 1967 akiwa balozi nchini Japani.

Afrika pia ina wake. Profesa Kofi Awoonor wa Ghana, mshairi aliyechota kutoka tungo za maombolezo za Waewe, alikuwa balozi nchini Brazil na Cuba. Kisha, kati ya mwaka wa 1990 na 1994, aliiwakilisha Ghana katika Umoja wa Mataifa. Wakenya wanamkumbuka kwa huzuni, kwani aliuawa katika shambulio la Westgate mnamo Septemba 21, 2013, alipokuwa Nairobi kuhudhuria tamasha la fasihi.

Yapo pia maarifa yenye ncha mbili. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika Zanzibar mwaka wa 1866 na baadaye akawa konsuli wa Uingereza, alikusanya mimea mingi ya Afrika Mashariki na kuipeleka katika bustani ya Kew, London. Kima punju wa Zanzibar na jamii moja ya digidigi wanaoonekana pia Kenya wana jina lake katika majina yao ya kisayansi.

Kirk ndiye aliyemshinikiza Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa Juni 5, 1873, uliopiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini na kufunga soko la watumwa la Unguja. Lakini ushawishi huo wa Uingereza haukuishia kwenye wema. Mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilipunguza milki ya Sultani barani hadi ukanda wa pwani wa maili 10 kwa upana, na mwaka wa 1890 Zanzibar yenyewe ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza.

Kwa hivyo, mgeni anayependa utamaduni wa wenyeji si lazima awe rafiki yao. Cha kuuliza ni anachokifanya kwa maarifa aliyoyapata.

Mipaka ya utumishi

Balozi haisemei nafsi yake. Husema kwa niaba ya serikali. Dhamiri ikimkataza, njia iliyo wazi ni kuondoka. Mshairi Octavio Paz, balozi wa Mexico nchini India tangu mwaka wa 1962, aliacha wadhifa huo mwaka wa 1968 baada ya wanafunzi waliokuwa wakiandamana kuuawa na vikosi vya serikali yake katika eneo la Tlatelolco.

Sera ya mambo ya nje ya Kenya iliyoandikwa mwaka wa 2014 ilitaja diplomasia ya kitamaduni kuwa miongoni mwa nguzo zake tano, pamoja na amani, uchumi, mazingira na Wakenya wanaoishi ughaibuni. Kiswahili ni hazina kubwa katika nguzo hiyo.

Mwezi Julai 2004, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia viongozi wa Muungano wa Afrika jijini Addis Ababa kwa Kiswahili. Mnamo Februari 2022 muungano huo ulikipitisha kuwa lugha rasmi ya kazi. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2021, UNESCO ilikuwa imetenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Maamuzi kama hayo hayaji yenyewe. Ni wanadiplomasia wanaoandika maazimio, kutafuta kura na kuwashawishi wenzao mmoja baada ya mwingine.

Ndiyo maana uteuzi wa mabalozi na maafisa wao haupaswi kuchukuliwa kama zawadi ya kisiasa. Mtu anayepelekwa Riyadh, Beijing au Paris anafaa kupimwa pia kwa lugha anazozijua na ari yake ya kujifunza desturi za wenyeji. Mzazi ambaye mwanawe amezuiliwa ugenini hana haja na msemaji hodari wa karamuni. Anachohitaji ni afisa anayejua mlango wa kubisha, na maneno ya kusema utakapofunguliwa.