Dramu Tupu, Miliampia 4

Msomaji wetu mmoja, kijana anayejifunza ufundi wa umeme katika kiwanda cha sukari, ametuletea swali zuri. Kwenye paneli ya boila kuna kidhibiti cha kiwango cha maji. Dramu la mvuke lilipoondolewa maji kwa ajili ya matengenezo, alipima waya unaoingia kwenye kidhibiti hicho akakuta miliampia 4. Anauliza: kama maji hayapo, umeme huo unapima nini?

Mkondo na volti anavijua, sitamchosha navyo. Hiyo 4 ndiyo yenye utamu.

Kule kwenye dramu imefungwa transmita, kazi yake kugeuza kimo cha maji kuwa mkondo. Likiwa tupu ni miliampia 4, likijaa ni 20, likifika nusu ni 12. Kwa nini mkondo na si volti? Utazame mnyororo wa baiskeli. Pingili zake zote hukimbia kwa mwendo mmoja, iliyo kwenye pedeli na iliyo kwenye gurudumu la nyuma. Mnyororo ukishika kutu mwendeshaji hukanyaga kwa nguvu zaidi, ila pingili ya mbele haiwezi kuiacha ya nyuma. Katika lupu yetu, yaani mzunguko wa waya kati ya transmita na paneli, anayekanyaga ni pawasaplai ya volti 24. Transmita ndiyo inayoshika breki na kuamua mnyororo uende kasi gani. Kutu ni ukinzani wa waya mrefu na wa terminali zilizolegea. Ujumbe ungekuwa volti, kutu ingeula njiani na paneli ingesoma uongo. Mkondo hauliwi: zikitoka 12 zinafika 12, ilimradi volti 24 zinatosha kusukuma.

Na mnyororo huu hauruhusiwi kusimama. Dramu likiwa tupu unatembea polepole. Ukisimama kabisa, ujue umekatika. Lau tupu ingekuwa 0, panya akitafuna waya kidhibiti kingedhani maji yamekwisha, kifungue kabisa valvu ya maji, dramu lifurike, maji yabebwe na mvuke hadi kwenye turbaini na kuharibu mapanga yake. Kwa kuanzia 4, sifuri ni hitilafu, king'ora kinalia. Tena hizo 4 ndizo chakula cha transmita. Saketi zake zote huishi kwa kiasi hicho, hivyo waya mbili tu hubeba umeme na ujumbe kwa pamoja. Kila nikilifikiria jambo hili hufurahi upya.

Wazo la kutoanzia sifuri limevitangulia vidhibiti vya elektroniki. Vidhibiti vya hewa vilitumia shinikizo la paundi 3 hadi 15 kwa inchi ya mraba, uwiano uleule wa moja kwa tano, na valvu nyingi bado husukumwa kwa hewa hiyo.

Ndani ya kidhibiti, mkondo hupita kwenye rezista ya omu 250 na kuzaa volti 1 hadi 5. Saketi ninayopenda kuiita kikuza tofauti huzilinganisha volti hizo na kiwango alichoweka opereta. Tofauti ikikuzwa husogeza valvu, na kapasita huendelea kukusanya kiasi kidogo kinachobaki mpaka kiishe. Siku hizi hesabu hiyo hufanywa na programu, lakini mlangoni pamebaki rezista ileile na miliampia zilezile.

Neno kwa kijana wetu, na kwa kila fundi mwenye mita mfukoni: ili upime mkondo kwa mita ya kawaida lazima uikate lupu na kuipitisha ndani ya mita yako. Kabla hujagusa skrubu, mwombe opereta akitoe kidhibiti kwenye oto na kukiweka kwenye udhibiti wa mkono, na usikirudishe mpaka waya umekazwa na usomaji umetulia.