NAMNA GANI LUGHA TATU ZINAKAA KATIKA KICHWA KIMOJA?



Kati yetu tunasikia mara nyingi maneno haya: « Wewe hauna lugha, unachanganya tu. » Wengine wanaona haya kusema Kibangubangu ao Kizimba mbele ya wenzao. Wengine wananyamaza darasani kwa kuogopa kukosea Kifaransa. Kwa hiyo tunapenda kueleza kidogo namna kichwa cha mtu mwenye lugha nyingi kinavyotumika, kusudi tujue kama kuchanganya si ugonjwa.

1. Namna tunavyozipata

Mtoto wa Kabambare anasikia Kibangubangu kwa mama yake, Kiswahili sokoni, kisha Kifaransa shuleni. Hii si jambo la jana. Kiswahili kilifika Maniema pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa iliyotoka pwani, na tangu miaka ya 1870 Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip. Katika mwaka 1893 askari wa Leopold II waliukamata mji, lakini Kiswahili kilibaki. Basi wazee wetu walikuwa watu wa lugha mbili mbele ya sisi kuona ubao na chaki.

Je, mtoto mdogo hachanganyikiwi? Hapana. Katika mwaka 2010, kule Vancouver katika Kanada, wataalamu walipima watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wakisema Kiingereza na Kitagalog cha Ufilipino. Watoto hao walikwisha kutofautisha mwendo wa sauti za lugha zote mbili. Lugha ya nyumbani inaingia bila kitabu. Lugha ya shule inakuja nyuma, kwa sheria na mazoezi, ndiyo maana inaomba muda. Kuchelewa si ujinga.

2. Lugha ingine hailali

Wengi wanafikiri kama tukisema lugha moja, ingine inalala. Sivyo. Katika mwaka 1999 Spivey na Marian waliwapima watu waliojua Kirusi na Kiingereza. Waliwaambia kwa Kirusi wakamate tembre ya barua, ambayo jina lake ni « marka ». Mara zingine macho yao yalikimbilia kalamu nene, juu Kiingereza kinaiita « marker ». Kiingereza kilikuwa macho, hata kama hakuna aliyekiita.

Mwaka ule ule Meuter na Allport waliona jambo la ajabu zaidi: kurudi kwenye lugha unayoijua sana kunakawisha kuliko kwenda kwenye ile unayoijua kidogo. Wao walieleza hivi: ili useme lugha iliyo zaifu, lazima uizuie kwa nguvu ile iliyo kubwa. Ukitaka kuirudia, inakawia kufunguka. Basi tukitoka katika Kifaransa na kutafuta neno la Kiswahili tunalolijua vizuri, tusishangae.

3. Mchanganyo una sheria

Tuangalie neno tunalosema kila siku: « Kesho tutarépéter leçon. » Kifaransa kimeleta tendo na jina, lakini « tu » na « ta » ni za Kiswahili. Hakuna mwanafunzi anayesema « nous soma ». Juu ya nini? Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi, alieleza katika mwaka 1993 kama lugha moja inajenga nyumba, na ingine inaleta vyombo vya kuweka ndani. Tena Vincent de Rooij, katika kitabu chake cha 1996 juu ya Kiswahili cha Shaba, yaani Katanga, alionyesha namna watu wanavyotumia « mais », « donc » na « parce que » kati ya maneno ya Kiswahili, kusudi msikilizaji aone vizuri fasi wazo linapogeuka. Basi anayechanganya anashika sheria, hata kama hakuna aliyemfundisha.

4. Tufanye nini?

Kuchanganya uwanjani si kosa. Lakini msahihishaji wa mtihani wa serikali anangoja Kifaransa kitupu, na bibi kule kijijini anangoja Kibangubangu. Mwenye kujua kuchanganya tu, amefungiwa milango miwili. Kwa hiyo tujizoeze kila lugha peke yake. Tuelezane somo kwanza kwa Kiswahili ili tuone kama tumelielewa, kisha tulirudilie kwa Kifaransa, hata na makosa. Kinywa kinachonyamaza hakijifunzi.

Na lugha ya nyumbani tusiitupe. A. E. Meeussen, Mbelgiji, aliandika sarufi ya Kibangubangu, ikachapwa Tervuren katika mwaka 1954. Katiba yetu ya 2006 inasema kama lugha zingine za inchi, zaidi ya zile za taifa, ni sehemu ya urithi ambao Serikali inaulinda. Lakini katiba haisemeshi mtoto usiku karibu na moto. Hiyo ni kazi yetu. Mgeni aliandika maneno ya bibi zetu; sisi tunaolala nyumba moja nao, tutashindwa hata kuwauliza?