Barafu na Mapango ya Mirihi

Hewa ya Mirihi ni hafifu mno. Haifiki hata sehemu moja katika mia ya kanieneo ya hewa yetu. Barafu ikiachwa wazi huko kwa kawaida haiyeyuki kuwa maji, bali hugeuka mvuke moja kwa moja. Basi itafutwe wapi?

Mwaka 2008 chombo cha Wamarekani kiitwacho Phoenix kilitua upande wa kaskazini wa sayari hiyo, kikachimba sentimita chache tu kwa mkono wake wa chuma. Vikaonekana vibonge vyeupe, vidogo kama dado. Je, ni chumvi? Baada ya siku nne vilikuwa vimetoweka, na chumvi haitoweki! Baadaye udongo wa hapo ulipashwa moto ndani ya chombo, ukatoa mvuke wa maji.

Mapango nayo yalijulikana kwa joto lake. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza mashimo saba meusi katika mlima wa volkano Arsia Mons, yenye upana wa meta 100 hadi 250. Mchana yalikuwa baridi kuliko ardhi iliyoyazunguka, na usiku yenye joto zaidi, kama ilivyo nyumba nene ya udongo. Yamkini ni mapaa yaliyoporomoka. Lava inapotiririka, juu hupoa na kuganda, ndani huendelea kwenda hata likabaki handaki tupu. Vilima vya Chyulu, Kenya, vina mapango ya namna hiyo.

Humo mionzi mikali ya angani haifiki. Ikiwa vijidudu vimepata kuishi Mirihi, naona huko ndiko pa kuvitafuta. Lakini hakuna chombo kilichokwisha kuingia: kinachotegemea jua kitafanyaje kazi gizani, na habari zake zitapenyaje mwamba?